Waya wa Nguru Katika Fyuzi ya Babu

Kibati kililetwa na Rehema, mtoto wa mjomba wangu, siku ya Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa amevuka Ruvuma kutoka upande wa pili, na vumbi la njia lilikuwa bado limemkaa kwenye nyusi. Tulisalimiana, tukalia kidogo kama wanavyolia watu waliofiwa wanapoonana kwa mara ya kwanza, kisha akaingiza mkono kwenye kapu lake la ukili, akatoa kibati cha zamani cha biskuti kilichofungwa kwa mshipi wa kuvulia.

"Dada, hiki baba aliniusia. Alisema, nikifa mpe Mashoto. Basi huyo Mashoto tukamtafuta kwa wavuvi wenzake wote. Mzee mmoja akatuambia hilo ni jina la ngalawa. Mama akasema ngalawa gani, huyo ni mwanamke, akanuna siku mbili nzima na marehemu ameshazikwa. Ndiyo nimekuletea wewe, labda unamjua."

Nilicheka.

"Mashoto ni mimi," nikamwambia.

"Wewe? Mwalimu?"

"Mimi. Ndivyo alivyoniita nilipokuwa mdogo."

Sikukifungua kile kibati. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakiweka juu ya mkeka kati yetu, nikaenda kumtengea mgeni wangu chai na tende. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kilikuwa kinanuka mafuta na chuma cha zamani, na nilipokitikisa, ndani kiligonga kwa sauti ya kauri, kama vikombe viwili vidogo. Sauti ile niliijua. Ninyi wa rika langu mliokulia katika nyumba za mawe zilizotiwa umeme kabla hatujazaliwa, mngeijua pia. Na nilijua kwamba ndani ya kibati kile mna jibu la jambo nililolificha tangu nilipokuwa na umri wa miaka kama tisa.

Nyumba tuliyokaa haikuwa yetu. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa kopra ambaye Babu alimtunzia ghala kwa miaka mingi. Siku alipopanda meli kuondoka, alimkabidhi Babu funguo, na hakurudi tena. Hivyo sisi, watu wa makuti, tukajikuta tunalala chini ya dari ya mbao, na ukutani, kando ya mlango, pana ubao mweusi wenye swichi kubwa ya mkono na fyuzi mbili za kauri nyeupe. Wakubwa waliziita fuzivel, kama walivyosikia kwa Wareno. Moja ilikuwa ya taa za mbele. Ya pili ilikuwa ya chumba cha nyuma pamoja na plagi zote, na hiyo ndiyo iliyotutesa.

Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta moja lililokuwa karibu na gati. Asubuhi lilikuwa limelala. Liliwashwa baada ya alasiri na kuzimwa watu wakishaswali isha. Lilipowashwa, watoto tulipiga kelele mtaa mzima, "Enerjia! Enerjia!" na wanawake wote wenye pasi wakazikimbilia kwa wakati mmoja. Ndipo kwetu ukutani kukasikika "pa!" ndogo, kama mtu anayepasua njugu kwa meno. Ikafuata harufu ya pembe iliyoungua, na chumba cha nyuma kikawa giza.

Jirani yetu Bi Tima alikuwa kama anaisubiri ile sauti.

"Haya, watu wa umeme!" alitupigia kelele kupitia uani. "Nilete koroboi yangu, au leo mtaonana kwa nuru ya tasbihi?"

"Ilete," Bibi alimjibu, "na chumvi pia, yangu imekwisha."

Babu hakukasirika hata siku moja. Alishusha swichi kubwa, akachomoa kile kipande cha kauri, akakipuliza masizi. Mimi ndiye niliyemshikia bisbisi. Mfukoni mwa shati alikuwa na kipande cha waya wa taa wa zamani, akavuta humo uzi mmoja tu wa shaba, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Alisema Bismillahi, akauzungusha kwenye skrubu moja, akauvusha, akauzungusha kwenye ya pili.

"Upande wa kulia," alinifundisha. "Skrubu inakokaza, na waya uende huko huko. Ukizungusha kushoto, skrubu itausukuma nje."

Kisha taa ikawaka. Kesho yake, "pa!" tena.

Mimi nilimwonea Babu huruma. Niliona kwamba kila siku anatia waya ule ule dhaifu, na kila siku unakatika, na sikuelewa kwa nini mtu mwenye busara kama yeye hajifunzi. Mwishowe niliamua kwamba hatuna waya mwingine, na Babu anaona haya kusema.

Mwenye waya mwingine alikuwa mjomba wangu Amadi, mdogo wake mama. Mama alikuwa ameolewa Diaca mara ya pili, akaniacha nilelewe na wazazi wake, kwa hiyo Mjomba alikuwa kwangu kaka na baba na mwenzangu wa michezo. Alikuwa mvuvi wa nguru, maji ya Rongui na kwingineko. Nguru ana meno kama wembe, mshipi mtupu anaukata mara moja, ndiyo maana kati ya ndoana na mshipi hutiwa kipande cha waya wa chuma. Mjomba alikaa barazani akivisokota vile vipande kwa vidole na koleo, kimoja baada ya kimoja, akaviweka kwenye kibati cha biskuti. Kwake yeye, waya uliokatika ulikuwa fedheha ya mtu aliyeufunga.

"Baba," alimwambia Babu siku moja, "waya wako huu hata dagaa anaukata."

"Ndiyo kazi yake."

"Kazi ya waya ni kukatika?"

"Ya huu, ndiyo. Umewekwa ufe wenyewe kabla ya nyumba." Babu alikuwa bado anapuliza masizi. "Wako unauweka usikatike, kwa sababu unamtaka anayekuja. Mimi huyu anayekuja simtaki."

"Nikutilie wa nguru, Baba, upumzike."

"Jaribu uone."

"Siwezi. Naogopa mzee mwenye bisbisi."

Wakacheka wote wawili, na Bibi naye akacheka. Mimi nilisikia jambo moja tu katika maneno yote yale, kwamba dawa ipo, imo ndani ya kibati, na Babu hataki kuitumia kwa kuwa amezeeka.

Ni lazima niseme pia kuhusu mkono wangu. Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto. Bibi ndiye aliyenisomesha Qurani, na hakunipiga kwa hilo kama wengine walivyopigwa. Alinipa kokwa ya tende niifumbate katika kiganja cha kushoto, akasema mkono ule ukiwa na kazi yake utauacha wa kulia ushike kijiti cha kufuatia herufi na kupindua kurasa. Nilisoma juzuu nzima nimefumbata kokwa. Mjomba ndiye aliyenipa jina la Mashoto.

"Usimwite hivyo," Bibi alimkemea, "jina litamganda."

"Mama, kwenye chombo mashoto mmoja tu ni neema. Anavuta upande ambao wengine hawauwezi."

Mwaka ule Mjomba alikuwa anaoa. Mchumba wake aliitwa Zainabu, msichana wa mtaa wa pili, mwenye sauti nzuri ya kaswida, na Mjomba alimpenda mpaka akawa anasahau kula. Chumba cha nyuma kikapakwa chokaa, kikatiwa kitanda na taa mpya. Kwetu ilikuwa desturi kwamba chumba cha maharusi hakiingii kitu kabla ya msahafu. Kwa hiyo kabla ya kitanda, kabla ya godoro, Bibi aliuchukua msahafu wake mkubwa, ule aliosomea yeye mwenyewe kwa baba yake, akauweka humo kwenye rafu ya juu.

Siku mbili kabla ya harusi, wanawake wa upande wa Zainabu walikuja kukiona chumba. Ilikuwa jioni, enerjia imeshakuja, na pasi ilikuwa kwenye plagi. Shangazi yake Zainabu alikuwa anaisifu taa mpya, hata sentensi hajaimaliza, "pa!" Giza. Yule shangazi akasema, "Basi bwana harusi mkewe atamtafuta kwa kupapasa."

Wanawake waliangua kicheko. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, naye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, nikaona jinsi alivyoinamisha kichwa, na jinsi alivyokuwa akiikunja na kuikunjua kofia yake mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona mjomba wangu ameona haya. Usiku ule niliomba dua kwamba taa isizimike tena mpaka harusi iishe.

Asubuhi, jenereta limelala, Babu yuko ghalani, Bibi yuko jikoni, Mjomba amekwenda kunyolewa. Nilikipindua kinu karibu na ubao, nikapanda juu yake. Nilikuwa nimeshachukua kipande kimoja kwenye kibati. Nilishusha swichi kama nilivyomwona Babu akifanya, nikachomoa kauri ya chumba cha nyuma, nikalegeza skrubu, nikautoa ule uzi wa shaba. Waya wa nguru ulikuwa mgumu. Mkono wa kulia haukuuweza. Nikautia wa kushoto, nao ukauzungusha upande ulioutaka wenyewe. Ncha zilitokeza nje kama ndevu za kambare, nikazikandamiza kwa kidole, nikairudisha kauri na kupandisha swichi. Nilisema Bismillahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilisema Bismillahi kwa moyo safi kabisa.

Baada ya alasiri enerjia ikaja. Taa ikawaka. Pasi ya Bibi ikawekwa, na ya pili ya kuazima ikawekwa, maana kanzu zilikuwa nyingi na mashuka ya maharusi. Ukuta haukusema kitu. Nilisimama karibu na ubao na kuusikiliza, na moyo wangu ulijaa furaha.

"Leo vipi, jamani?" Bi Tima aliuliza kutoka kwake. "Koroboi yangu mmeipa talaka?"

"Talaka tatu!" Mjomba alimjibu, na uani kote kukawa kicheko.

Kisha ikaja ile harufu. Haikuwa ya pembe iliyoungua, ya mara moja na kupita. Ilikuwa nzito, kama matambara na lami, na ilitoka juu. Nyaya za nyumba ile zilipita juu ya dari, zimevikwa kitambaa kilichokauka kwa umri. Babu alijua zilivyo, ndiyo maana alitia uzi wa shaba. Sasa uzi ule wa kukatika kwanza haukuwapo, na moto uliokuwa ukija ulizifikia nyaya. Nikaona mbao za dari ya chumba cha nyuma zinageuka rangi, kahawia, halafu nyeusi, halafu moto ukatoa ulimi.

Watu walipiga mayowe. Mjomba alikimbilia swichi, wanaume wakaleta ndoo. Katika kelele zile nikamwona Bibi anaingia ndani ya chumba. Hakuna aliyewahi kumzuia. Alikwenda kwenye rafu. Dari ilikuwa inadondosha matone ya moto, na yeye aliufunika ule msahafu mkubwa kwa mikono yake yote miwili, akatoka nao kifuani, polepole, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Msahafu uliungua pembeni tu. Mikono ya Bibi ndiyo iliyoungua.

Kabla ya adhana ya magharibi moto ulikuwa umezimwa. Kitanda, mashuka, kanzu, taa mpya, vyote vilikuwa majivu na maji. Bibi walikuwa wamempeleka hospitali. Babu alisimama mbele ya ubao na tochi.

"Nani ametia waya huu?"

Niliufungua mdomo. Wallahi niliufungua. Lakini Mjomba alikuwa ameshanyoosha mkono akaichomoa ile kauri. Aliitazama. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuutambua waya wake mwenyewe. Kisha akaichomoa na ile ya pili, ya taa za mbele, akaitazama, akazitia zote mbili mfukoni.

"Ni mimi, Baba."

Babu alizima tochi. "Nilikwambia," alisema.

Na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilifikiri hivi: kumbe na yeye alitia! Si alisema atatia? Fyuzi zilikuwa mbili. Mimi nilitia moja, na yeye bila shaka alikuwa ametia nyingine, kabla yangu au baada yangu. Amekubali mwenyewe. Basi huenda iliyochoma nyumba ni ya kwake. Mawazo yale yalikuja kama mtu aliyenifunika shuka, nikanyamaza. Na ukinyamaza siku ya kwanza, siku ya pili kusema huwa kugumu zaidi.

Baba yake Zainabu alikuja kumpa Babu pole, akakaa, akanywa maji, akasema kwa adabu kabisa kwamba ndoa haitakuwapo. "Kijana ameambiwa na baba yake juu ya uzi wa waya, hakusikia. Mke wake je? Nani atamwambia akasikia?" Zainabu aliolewa na mtu wa Palma kabla ya mwaka kwisha.

Mjomba aliondoka alfajiri moja, baada ya Bibi kurudishwa nyumbani mikono imefungwa bendeji. Alikuwa anakwenda kuvua ng'ambo. Nilimfuata mpaka kwenye kona ya msikiti. Alikuwa na furushi moja na kibati cha biskuti. Alichutama mbele yangu.

"Daktari amesema vidole vya mama vitagandamana," alisema. "Msahafu ataushika, lakini kurasa hataziweza. Wewe umpindulie."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa mkono wowote, Mashoto."

Nilidhani anatania tu. Akaenda, na sikumwona tena maisha yangu yote.

Nilimpindulia Bibi kurasa. Kila siku baada ya alfajiri na kila siku baada ya alasiri, mpaka nilipoolewa, na hata baada ya kuolewa. Vidole vyake vilishikana kama vya mtu aliyevaa soksi mkononi. Yeye alisoma, mimi nilipindua, kwa mkono wa kulia kama alivyonifundisha, na nilipokosea kufuata alinirudisha. Kwa kumpindulia nilihifadhi. Kwa kuhifadhi niliitwa nisomeshe wasichana wa mtaa, na nimesomesha mpaka leo, hapa na kule tulikokimbilia katika miaka hii ya kukimbia na kurudi. Watu huniita Mwalimu na kuniombea kheri. Namshukuru Mola wangu kwa kila herufi. Lakini ninyi mnaonisikia sasa mnajua. Kila herufi niliipata kwa vidole vya Bibi na kwa nyumba ambayo Mjomba hakuijenga na mkewe.

Bibi alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, nilimwomba radhi.

"Kwa lipi?" aliniuliza.

"Kwa yote, Bibi."

"Nimekuradhia yote."

Nilitoka nje nikalia, kwa sababu nilijua radhi aliyonipa ilikuwa ya mtu asiyejua. Babu alishatangulia. Alibaki mmoja tu ambaye ningeweza kumwambia.

Mji wetu ulipovamiwa na sisi kutawanyika, simu yangu ililia nikiwa nimekaa chini ya turubai kwa watu. Sauti ilikuwa ya mzee.

"Mashoto. Uko hai?"

Nilitoka chini ya turubai, nikaibana simu sikioni.

"Nimeipata namba kwa wavuvi. Uko hai au hauko?"

"Niko hai, Mjomba."

"Msahafu wa mama?"

"Ninao. Niliufunga kwenye kanga nikakimbia nao."

"Alhamdulillahi." Akakohoa. "Basi hukuacha kitu."

"Mjomba, kuna jambo nataka kukwambia. La zamani."

Nilisikia bahari nyuma yake, au upepo wa simu. "Utaniambia tukionana," akasema. "Mambo ya zamani hayasemwi kwenye simu." Akaniuliza habari za watoto, simu ikakatika. Mara mbili nilipanga safari, mara mbili njia haikuwa salama. Au nilisema haikuwa salama. Sijui tena.

Sasa Rehema alikuwa amekaa mbele yangu, ameshakula tende, kokwa zake amezipanga kwenye kisosi. Chai yangu ilikuwa imepoa.

"Dada, hukifungui?"

"Mlikuwa mnakifungua nyumbani?"

"Thubutu! Tulipokuwa wadogo kaka yangu alikigusa, akapigwa. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Ndoana alikuwa anaweka kibati kingine. Hiki alikipaka mafuta kila Ramadhani kisiote kutu, akakirudisha juu ya kabati."

Niliukata mshipi kwa meno. Kifuniko kilikataa, kisha kikatoka.

Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa fyuzi mbili za kauri. Ya kwanza ilikuwa safi. Kati ya skrubu zake ulikuwa umekaa uzi wa shaba wa Babu, mzima, mwembamba kama unywele, umezungushwa kulia. Hakuna mtu aliyeigusa fyuzi ile ila Babu. Ya pili ilikuwa nyeusi upande mmoja. Waya wa nguru ulikuwa bado umo, haukuwa umekatika, ncha zake zimetokeza nje kama ndevu. Ulikuwa umezungushwa kushoto.

Mjomba hakutia waya wowote. Alisimama mbele ya baba yake akaitazama kauri, na akauona mkono wangu. Akaitazama ya pili ili awe na hakika. Kisha akazitia mfukoni zote mbili, asije Babu akaziona mchana. Akaondoka nazo, akaoa kwingine, akazaa, akazeeka, na kila Ramadhani akakipaka kibati chao mafuta. Nilichokuwa nikimficha maisha yangu yote, alikijua kabla sijakificha. Hata siku ile ya simu alikuwa anajua, akanizuia nisiseme.

Nilimweleza Rehema yote, tangu "pa!" ya kwanza mpaka kona ya msikiti. Sikujipunguzia kitu. Nilipomaliza nikamwambia haki ya baba yake iko shingoni mwangu, na kwa kuwa yeye hayupo, naiomba radhi kwao wanawe.

Aliviringisha kokwa moja kwenye kisosi.

"Huyo Zainabu," akasema mwishowe, "alikuwa mzuri?"

"Alikuwa mzuri."

"Kuliko mama yangu?"

"Mama yako sijawahi kumwona."

"Basi angemwoa huyo, mimi leo ningekuwa wapi? Nani angekuletea kibati?" Alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. "Nimekuradhia, Dada. Na kaka zangu nitawaambia. Lakini baba angependa kuambiwa na wewe. Alikuwa anakutaja. Sisi tulidhani anataja ngalawa."

Alasiri iliadhiniwa, tukaswali pamoja. Kisha nikautoa msahafu wa Bibi kwenye kanga yake, ule wenye pembe nyeusi, nikaufungua penye Yasini ili tumsomee mjomba wangu. Rehema alikaa ubavuni kwangu. Nilisoma ukurasa wa kwanza mpaka mwisho. Kokwa za tende zilikuwa karibu yangu kwenye kisosi, na sikuokota hata moja. Nikanyoosha mkono wa kushoto, mbele ya msahafu wa Bibi, nikaupindua ukurasa kwa huo.